Mwaridi Uliorudi Kwao

Mshonaji alikuwa akisugua sufuria nje ya mlango wa jikoni, mikono yote majivu, alipoona kwamba mwaridi umehama. Jana aliuacha nyuma ya kamba ya kuanikia nguo. Leo ulikuwa mbele ya kamba, upande wa ukutani, na nyuma yake udongo ulikuwa umetifuliwa kama mahali alipopita kuku akiparua. Alinawa mikono, akachukua ndoo, akaumwagilia hapo ulipo. Alimimina shinani, kwa sababu mwaridi ukilowa majani hushikwa na ukungu.

Haukuwa mti wa makuu. Marehemu mumewe, seremala, aliupanda kwenye kona ya mbali ya uwanja, penye jua la kutwa, mwaka waliooana. Ulistahimili kiangazi, ukastahimili mbuzi wa jirani. Matanga ya seremala yalipokwisha, shemeji mtu alikuja na mafundi wakajenga ukuta.

"Mwanamke peke yake anahitaji ulinzi, shemeji," alimwambia.

Ukuta ulipokamilika, ulinzi ulikuwa umepita katikati ya uwanja, na nusu yenye jua imebaki kwa shemeji. Mwaridi uling'olewa, ukarushwa huku kwa mshonaji mizizi juu. Aliupanda kivulini, akautia samadi, akapogoa matawi makavu. Ndugu wa mume walimwambia yaliyopita si ndwele. Naye akarudi kwenye cherehani, maana nguo za watu zilikuwa zikimngoja.

Sasa mti ulikuwa unarudi kwao.

Tangu siku hiyo mshonaji hakuweza kutulia kitandani. Kukipambazuka tu alitoka kabla hajanawa uso, khanga begani, moyo ukimwenda kama cherehani, na kila alfajiri aliukuta umesogea. Mtaa ukapata habari. Wateja waliokuja kupimwa walipitia uwanjani kwanza. Bibi harusi mmoja alisimama hapo na gauni lililojaa pini, akakataa kuingia ndani mpaka aone tawi likitikisika. Muuza maziwa alionya kwamba kwenye changarawe utachelewa, na kweli ukachelewa. Watu wakaanza kubishana kama utaupanda ukuta au utachimba chini yake.

"Mama, una vidukari," alisema binti yake, mwalimu wa chekechea, akigeuza jani lenye vidudu.

"Tia majivu. Lakini usiuguse mizizi. Mwenye safari hashikwi miguu."

Ulipofika ukutani ulipumzika, ukatoa vitumba. Mshonaji aliuongezea samadi na kuusemesha maneno ya kuutia moyo, yale yale anayoambiwa mtu anayejifungua. Asubuhi iliyofuata nusu yake ilikuwa imekwisha kuingia ukutani. Haukupanda wala haukuchimba. Uliingia tu, kama mtu anavyoingia chumbani mwake, na waridi mbili zilichomoza kwenye plasta. Watu walipiga makofi. Mshonaji alicheka mpaka akashika kiuno, kicheko ambacho binti yake hakuwa amekisikia tangu msiba.

Kesho yake alipanda juu ya stuli, akachungulia. Mwaridi ulikuwa umesimama kwenye kona yake ya zamani, umepasua saruji ambapo shemeji aliegesha gari, na umechanua waridi nyekundu kubwa kama visahani.

Shemeji aliufyeka kwa panga. Kabla hajamaliza kulifuta panga, mti ulikuwa umerudi na kitumba cha ziada. Akalisogeza gari, akauzungushia mawe aliyoyapaka chokaa.

Wazee wa ukoo waliitwa. Walikuja na kanzu safi, wakauzunguka mti, wakanusa. Mshonaji aliketi mbele kabisa. Siku kama hiyo hakuthubutu hata kuiomba.

"Mti umejua kwao," alisema baba mdogo wa marehemu. "Hapa ndipo alipoupanda. Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Shemeji mwenyewe alitikisa kichwa kukubali.

"Basi mti una haki ya hapa. Asiung'oe mtu."

"Na mimi, baba?" mshonaji aliuliza.

Mzee alimtazama kwa upole. "Leo tunazungumzia mti, mwanangu."

Walikunywa chai, wakaondoka kila mmoja na ua mkononi.

Mwaridi hata uwe sugu vipi unataka mtu, na shemeji hakujua kuupogoa. Matawi yalisongamana, vidukari vikarudi. Akamtumia mshonaji ujumbe aje. Basi mara moja kwa wiki mshonaji anazunguka mtaa, anafika kwenye geti la shemeji, na mlinzi anamuuliza anamtaka nani.

"Nimekuja kwa mwaridi," anasema, na anafunguliwa.

Hukata juu kidogo ya jicho la kuchipulia linalotazama nje, ili tawi jipya lifuate jua. Akiona chipukizi linalofumuka, jekundu bado, mapigo ya moyo humwenda mbio vile vile, na hujikuta anaimba. Shemeji humsikiliza kutoka barazani, akikoroga chai.

"Una mkono wa baraka, shemeji," humwambia. "Ukimaliza tafadhali funga geti."

Naye hulifunga, akiwa nje.