Alama za Kuzuia Wachawi

Mimi si mkali. Ni kwamba kiti cha mwaka 1480 hakikaliwi, na hapa kwetu Uingereza ni aibu kumwambia mtu mzima asikae. Kwa hiyo juu ya kila kiti tunaweka tunda kavu la msonobari, lenye magamba ya kuchoma. Mgeni akiliona anaelewa, na hakuna aliyekosana na mwenzake.

Miaka kumi na moja nimejitolea kuongoza wageni kwenye nyumba hii ya makumbusho, kila Jumanne, chumba cha juu. Mafundi waling'oa kila kilichoongezwa baada ya yule tajiri wa sufu aliyeijenga, wakabakiza mbao zake. Mimi fahari yangu ni nguzo ya karibu na dohani. Imechongwa V mbili zilizoshikana, mara saba, moja juu ya nyingine. Nawaeleza wageni kuwa watu wa kale walizichonga kuzuia wachawi wasishukie dohanini. Wakiuliza mbona zinaishia usawa wa kifua, nasema fundi alichoka. Wanacheka, nami nacheka nao.

Jumanne moja akapanda bibi mmoja mwenye mkongojo, Enid Tasker, miaka themanini na mbili. Kitanda cha tajiri hakukitupia jicho.

"Nimekuja kumtafuta kaka yangu," alisema.

Nikamwambia wanaume wengi wako chini, kwenye chai.

"Huyu hanywi chai. Ile karatasi ya maua ya ukutani iko wapi?"

"Haikuwa ya zama zile, mama. Imeng'olewa."

"Na jiko letu?"

"Nalo pia."

"Tulizaliwa chumba hiki, mimi na yeye. Picha yake hatuna hata moja. Aliacha kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa humu."

Nikaona bora nimliwaze kwa habari za nguzo, nikaanza hotuba yangu. Nilipofika kwa wachawi akanikatiza.

"Wachawi gani tena, mdogo wangu? Huyo ni Wilf."

"Wilf nani?"

"Kaka yangu. Kila akitimiza mwaka, baba alimsimamisha hapo, akakwangua herufi yake kwenye nguzo, usawa wa utosi wake, kwa kisu cha viazi. Mimi nilikataa, nikiogopa kisu."

Nikazitazama. Ni W. Miaka kumi na moja nimezinyooshea kidole, na mtoto wa chekechea angezisoma.

"Mbona zinaishia hapo?" Mdomo ulinitangulia. Nilikumbuka fundi wangu aliyechoka, nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Kifua kilimbana, wakati wa baridi. Ya nane hakuifikia."

Akaweka kiganja juu ya alama ya mwisho, kama anayempapasa mtoto kichwani. Nguzo ile haiguswi. Nikaenda dirishani kutazama barabara, ambako hakukuwa na kitu.

Niliporudi, alikuwa ameuegemea mkongojo kwa mikono miwili. Nikaliondoa tunda la msonobari kitini, nikalitia mfukoni, likanichoma.

"Keti, dada."

Akaketi, akiielekea nguzo. Hapo ndipo Bwana Yaxley, msimamizi wetu, alipoingia na wageni kumi na wawili, akawaahidi kuwa Rosalind atawasimulia habari za wachawi. Kisha akaona.

"Rosalind," alinong'ona, "kile kiti."

"Kina mwenyewe," nikamwambia. "Na nguzo pia. Muulizeni yeye."