Mama wa Karatasi

Syombua wa Nunguni alikuwa ameokoka miaka kumi na mitano, na katika miaka hiyo yote hakusema uongo, hata ule mdogo wa kumkaribisha mgeni mezani huku ukiomba moyoni akatae. Aliuza kabeji sokoni. Mteja akiuliza kama ni za leo, aliambiwa hizi za juu ni za leo na hizo za chini ni za juzi. Wauzaji wenzake walimwona ni balaa. Wateja walimpenda sana, ila walinunua za juu.

Basi fikiria Sista Mbinya, mwalimu wa wauguzi katika hospitali ya misheni pale mlimani, akimwendea mtu wa namna hiyo mwaka 1986 na kumwomba ajifanye mgonjwa.

Sista alikuwa na sababu zake. Wanafunzi wake walijifunza kudunga sindano kwenye machungwa, na kuhoji wagonjwa walijifunza kwa kuhojiana wenyewe kwa wenyewe. Kwa kuwa walilala bweni moja, kila mmoja alijua jibu kabla ya swali, na kipindi kizima kiliishia kwenye vicheko. Halafu walipofika wodini ulimi ulikauka, au walimkatiza mzee wa watu kabla hajamaliza kusema anaumwa wapi. Sista alitaka mtu wasiyemjua, aketi kitini na ugonjwa wa kubuni, ili wakosee kwake kabla hawajakosea kwa mgonjwa wa kweli.

Syombua alikataa katakata. Kusema kichwa kinauma wakati hakiumi ni uongo, hata ukiusemea hospitalini. Sista akamleta Pasta Mulei, ambaye alikuna kidevu muda mrefu, akasema mifano imo hata katika Maandiko, kisha akaongeza kwamba yeye si mtu wa kulazimisha dhamiri ya mwenzake, akanywa chai akaenda zake. Hakusaidia kitu. Mwishowe Syombua mwenyewe ndiye aliyepata njia. Angesoma karatasi atakayoandikiwa, kisha angeeleza habari za mama aliyeandikwa humo. Kwa hivyo hakuna ambaye angekuwa amedanganywa.

Ikawa hivyo. Mwanafunzi akiuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Syombua alijibu, mikono imekunjwa kifuani, kwamba huyu mama wa karatasi anaumwa kichwa tangu Jumanne. Siku za kwanza walikufa kwa kicheko. Kufikia wiki ya pili walimzoea mama wa karatasi kama jirani, na walijua kwamba asiposalimiwa hasemi neno. Hilo la salamu halikuandikwa popote. Lilikuwa la Syombua mwenyewe, na Sista aliliacha.

Jambo moja tu Syombua hakumwambia mtu yeyote. Tangu mwiba ulipomchoma chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, miezi miwili nyuma, kidonda kilikataa kupona. Alikifunga kitambaa, akavaa soksi za mume wake na viatu vya raba. Nunguni kuna baridi, na kila aliyeziona soksi alijijibu mwenyewe. Tena alikuwa na kiu isiyoisha, kiu ya kumaliza mtungi ambao zamani ulimtosha siku mbili. Hakumdanganya mtu. Hakuna aliyeuliza.

Na aliogopa, tusimfiche. Jirani yake Musembi alikwenda hospitali na kidonda cha mguu, akarudi na mkongojo. Kwamba Musembi alikaa nacho mwaka mzima kabla ya kwenda, hilo Syombua hakulitia maanani. Alichojua ni kwamba mwenye kuuza kabeji Nunguni huzipandisha mlima na kuzishusha mlima, na mguu mmoja hauwezi kazi hiyo. Kila alipoketi mbele ya wanafunzi aliuvuta mguu chini ya kiti, wasije wakaona. Walipomaliza bila kuona, alishukuru Mungu, kisha akachukia kidogo njiani. Wauguzi gani hawa.

Mtihani ulifika. Msimamizi alitoka mbali, muuguzi mzoefu aitwaye Mwalimu Roble, mtu wa maneno machache mwenye orodha ya maswali ishirini. Kila mwanafunzi alipewa robo saa na mama wa karatasi, na kila swali lililoachwa lilikuwa alama iliyopotea.

Wa mwisho siku ile alikuwa Kiilu, kijana wa kutoka Nuu ambaye alishaanguka mtihani huo mara moja. Akianguka tena, angerudi kwa mbuzi wa baba yake. Aliingia polepole, akasalimia vizuri, akauliza habari za soko. Roble akatazama saa. Kiilu akaanza: kichwa kinauma upande gani, kilianza lini, kuna kutapika? Syombua alijibu, akajimiminia maji kutoka jagi la mezani. Akajibu, akamimina tena. Kufikia swali la sita jagi lilikuwa tupu.

Kiilu alilitazama jagi, akaitazama karatasi yake, akalitazama jagi tena.

"Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba, "hii kiu ni ya yule mama wa karatasi, ama ni yako?"

Syombua alitafuta pa kupitia, hakupaona. Kunyamaza, alikuwa amenyamaza miezi miwili bila dhambi yoyote. Lakini sasa ameulizwa, tena uso kwa uso, tena kwa heshima, kama mtoto anavyomuuliza mama yake.

"Ni yangu," alisema.

Kiilu akaweka kalamu chini. Alimuuliza kama kuna mahali pengine panapomsumbua, na Syombua akaangalia kiatu chake. Roble akasema, bila ukali, kwamba zimebaki dakika sita na maswali kumi na manne.

"Ndio, mwalimu," Kiilu alijibu, akachuchumaa, akaanza kufungua kamba za kiatu.

Soksi ilipotoka, harufu iliwafikia wote watatu. Sista Mbinya, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika kinywa. Miezi yote hiyo alikuwa akimkaribisha mwanamke huyu kitini kwa mikono yake mwenyewe.

"Mtaukata huu mguu?" Syombua aliuliza.

Mwerevu angesema hapana, ili mama wa watu atulie. Kiilu alifikiri kwanza.

"Sijui, mwaitu. Mimi si daktari. Lakini leo ni mapema kuliko kesho, na sitoki hapa mpaka daktari auone."

Hapo Syombua alilia. Alilia kwa sauti, kwa hofu aliyoibeba peke yake siku zote zile, na kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu ameushika ule mguu. Kengele ya mtihani ikalia na hakuna aliyejali. Roble mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita daktari.

Mkojo ulipopimwa ulikutwa umejaa sukari. Siku ya nne daktari alimweleza bila kuzunguka: kidole kidogo kimekwenda, mguu umebaki, na angechelewa mwezi mmoja tu wangekuwa wanazungumza habari za goti. Wodi nzima ilipata habari hizo kabla ya chakula cha mchana. Hicho kidole, Syombua aliwaambia majirani wa vitanda, kazi yake ilikuwa kugonga mawe tu.

Lakini furaha ilikuwa na donge. Kiilu aliuliza maswali sita kati ya ishirini, na kila Syombua alipotaka kujua matokeo, Sista alikumbuka kazi mahali pengine.

Ijumaa asubuhi Roble aliingia wodini, begi mkononi, gari likimngoja nje. Alichukua karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akaisoma, akairudisha. Syombua akamuuliza waziwazi habari za Kiilu.

"Amepita," Roble alisema. "Nilihesabu wanafunzi kumi na moja siku hiyo, mama, na jagi likajazwa mara nne mbele ya macho yangu. Hata mimi sikukuuliza."

Aliaga, akatembea mpaka mlangoni. Akasimama hapo kidogo, kisha akarudi, akavuta stuli, akaketi.

"Na wewe, mama, umeamkaje?"

Syombua alivuta blanketi vizuri, akaanza tangu mwanzo, tangu asubuhi ile ya mwiba shambani, nani alikuwepo na nani alisema nini. Dereva akapiga honi, kisha akapiga tena. Roble aliliweka begi sakafuni. Hadithi ilikuwa bado haijafika kwenye soksi.