Nusu Kilo Isiyokuwepo

Nilikuwa nimekwisha kuning'iniza mfuko wa kwanza wa mchanga, nasubiri mshale utulie. Mizani ilikuwa mpya, ya kwanza kwangu kuitoa kwenye boksi lake kwa mikono yangu, na uso wake ulikuwa mweupe kama sahani ya wageni. Mshale ulicheza, ukasita, ukasimama kwenye tano. Mfuko ule niliupimisha sokoni kwa mizani ya mawe, kilo tano kamili, kisha nikaushona mdomo. Nikainama kwenye daftari, nikaandika: tano na nusu.

Nikafuta. Nikadhani ni macho. Nikaning'iniza mfuko wa pili, wa kilo nane, nikahakikisha hauyumbi. Mshale ukasema nane. Mkono wangu ukaandika nane na nusu.

Hapo nikaweka kalamu chini.

Ni lazima nieleze habari ya mizani ya zamani. Bado ilikuwa imening'inia kwenye boriti ileile ya darasa, upande wa dirishani. Ile skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri ilikatika miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo mshale ukilala, unalala nusu kilo nyuma ya sifuri. Niliomba nyingine, nikaambiwa nivute subira. Nikaivuta. Na kwa kuwa kazi haisubiri, nikawafundisha wanafunzi wangu namna ya kuishi na mizani ile: soma, ongeza nusu, andika. Siku ya kwanza ya kila kozi nilieleza sababu. Siku zilizobaki nilidai tu waseme. Tuliimba maneno yale asubuhi na jioni, tukipima mifuko ya mchanga iliyovalishwa suruali ya kupimia watoto. Siku ya kuwaaga, wao wenyewe walisimama mstari mmoja wakaimba kunitania, soma, ongeza nusu, andika, mpaka mratibu wa kozi akacheka akafuta machozi.

Makundi ya nyuma hayakunitia wasiwasi. Wao walikwenda kliniki kubwa, ambako mizani ni ileile kila siku na muuguzi anawasimamia. Hili la mwisho, wahudumu wa afya kumi na wanne, ndilo la kwanza kupelekwa vijijini, kila mmoja peke yake. Na ofisi, kwa nia njema kabisa, iliwapelekea huko huko mizani mpya kama hii iliyokuwa mbele yangu. Walikuwa katika wiki ya kumi na moja kazini.

Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi. Darasa lina ukimya wake kozi ikiisha. Bweni liko ukuta wa pili, na kwa miezi mitatu nilizoea kusikia ndoo, kandambili, mtu akiuliza nani kachukua sabuni yake. Sasa magodoro yalikuwa yamekunjwa kila moja juu ya kitanda chake. Mimi ninalala chumba cha stoo, kati ya bweni na jiko. Nyumba yangu ninayo, mjini, lakini tangu mke wangu atangulie, naifungua kupitisha hewa na kuifunga. Binti yangu hunipigia kila Jumapili kuniambia nikaishi kwake, nami humwambia kozi ikiisha. Yeye anajua, nami najua, kwamba kozi moja ikiisha nyingine inaanza.

Ukutani juu ya meza yangu nilikuwa nimebandika barua. Iliandikwa na mwanafunzi tuliyemwita Bibi Daftari, mwanamke wa makamo, mama wa watoto wanne, ambaye hata nikikohoa aliandika. Alipangiwa kijiji cha mbali kuliko wote, kusiko na mtandao wa simu, na barua ilikuja na gari la chanjo. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, kwa sababu ilinipa raha, na kwa sababu hakuna mwingine aliyeniandikia. Sasa niliibandua, nikaisoma tena karibu na mwanga.

Alinisalimu, akauliza hali ya kifua changu, akasema watu wamempokea vizuri. Kisha: «Mwalimu, utafurahi. Katika watoto wote niliowapima, hakuna hata mmoja aliye chini ya mstari. Yupo binti wa miezi minane nilimtilia shaka, maana mikono yake ni myembamba na halii kwa nguvu. Lakini mizani ilinipa kilo sita na nusu, naye akawa juu ya mstari kidogo. Nikakumbuka ulivyotufundisha kwamba macho yana huruma na mizani haina, nikamwacha.»

Nilimfundisha hivyo. Ni maneno yangu, nukta kwa nukta.

Nikachukua kadi tupu ya mtoto, nikaweka kidole kwenye mwezi wa nane, nikapanda mpaka kilo sita na nusu. Juu ya mstari, kweli. Nikashuka mpaka sita. Chini ya mstari. Mtoto aliye chini ya mstari huandikiwa unga wa lishe na kupelekwa kwa daktari asikilizwe kifua. Huyu alirudishwa nyumbani, na barua ilikuwa na wiki tano.

Nilianza na simu. Nina orodha ya namba zao nyuma ya mlango wa kabati, nikaifuata toka juu kwenda chini, maana nikiruka nasahau. Wa kwanza, mwanamama aliyekuwa akiuza vitumbua kabla ya kozi, alinijibu kwa furaha. Nikamuuliza anapimaje. Akaniimbia. Nikamwacha amalize, kisha nikamweleza taratibu. Akauliza ni watoto wote. Nikamwambia wote. Akasema basi ataanza na mapacha. Hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Wa pili naye alikuwa akiongeza. Wa tatu, wa nne, vilevile. Wa tano alikuwa kijana tuliyempa jina la Usingizi, kwa sababu mchana ukifika kichwa chake kilikuwa kinahesabu mbao za meza. Nilikuwa nimempitisha kwa shingo upande. Nilipomuuliza habari ya nusu kilo alisitasita, akajikohoza.

«Mwalimu, nisikufiche. Siku ile ulipoeleza nilikuwa nimelala. Wenzangu walipokuwa wanaimba mimi nafungua mdomo tu.»

«Kwa hiyo unafanyaje?»

«Natazama mshale ulipo, naandika. Nimekosea sana?»

Nikamwambia hajakosea, aendelee hivyohivyo. Aliniuliza mara mbili kama namkejeli. Nilipokata simu nilicheka peke yangu, na sauti yangu ikarudi kutoka bwenini. Aliyelala ndiye aliyepima sawa. Aliyeandika kila neno ndiye aliyemrudisha mtoto nyumbani.

Nilipomaliza wa tisa, naye akiongeza kama wengine, nilisimama nimpigie mratibu, maana si haki bosi asikie la nyumbani kwake kutoka kwa jirani. Ni mwanamke mwema. Mimi humwita mama ingawa ni mdogo kwangu. Yeye ndiye aliyenipigania nifundishe. Mimi nilianza kliniki kubwa kama mfagizi. Nilijifunza kupima watoto kwa kumtazama muuguzi huku nimeshika ufagio, na kusoma kadi kwa kuzikusanya zilizotupwa. Cheti sina. Wapo ofisini waliosema tangu mwanzo kwamba mfagizi hafundishi, na yeye akawajibu kwa matokeo ya wanafunzi wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza wamebaki wangapi, nikamwambia watano, na mmoja hana mtandao. Alipumua.

«Mzee wangu, sikia. Wapigie, wasahihishe, basi. Miezi mitatu kutoka sasa wanakuja kwa marudio, tutawazoesha hiyo mizani mpya. Lakini usiandike kwenye taarifa. Ukiandika, kozi ijayo hawatakupa. Unajua watakavyosema.»

Nikamwambia najua.

«Na mimi sitaweza kuwajibu safari hii,» akasema, kwa sauti ya chini.

Sikumwona mbaya. Alikuwa anailinda kazi yangu kuliko nilivyojua kuilinda mwenyewe. Lakini watoto waliopimwa kwa wiki kumi na moja wamo kwenye madaftari, na madaftari yanapanda ofisini, na huko ndiko unga wa lishe unakogawanywa. Makosa yakikaa humo, vijiji kumi na vitatu vitaonekana vimeshiba. Simu haifuti daftari. Nikamwambia hivyo, kwa maneno machache, nikamwomba radhi kwa kumwaibisha. Akaniambia niandike kwa hati ya kusomeka, maana yeye ndiye atakayeipeleka.

Dereva wa gari la chanjo nilimkuta karakana, akifunga masanduku ya baridi. Nilimuuliza kama kesho alfajiri anapita kijiji cha Bibi Daftari. Akasema anapita, ila kiti cha mbele kina sanduku. Nikamwambia nitalipakata. Akanitazama juu mpaka chini.

«Mzee, barabara ile itakuchanganya mifupa, hata wewe mwenyewe utashindwa kuipanga.»

Nikamwambia nimeshazoea kupanga. Akacheka, akasema nifike kabla ya jogoo.

Nilirudi darasani jua likiwa limeshuka mpaka kwenye benchi la nyuma. Niliandika taarifa ukurasa mmoja: kosa ni la mkufunzi, wahudumu walifuata walivyofundishwa. Nikaweka jina langu. Kisha nikafungasha: mfuko wa kilo tano, kadi tupu, kalamu mbili, barua yake. Sijui nitamwambia nini Bibi Daftari. Najua tu kwamba kabla ya maneno tutakwenda pamoja kwenye ile nyumba, tumpime yule binti, naye ndiye atakayesoma mshale. Kama yupo.

Mizani ya zamani niliishusha kutoka kwenye boriti, nikaiweka sakafuni uso chini. Ikabaki mpya. Nikarudi kwenye mifuko, maana bado kulikuwa na mwanga kidogo, na kozi yoyote ijayo, awe nani atakayeifundisha, itahitaji mifuko iliyopimwa. Nane, nikaandika nane. Kumi, nikaandika kumi. Sita na robo, na mkono ukaanza kuelekea kwenye robo tatu, nikauzuia kwa mkono wa pili.

Ilibaki mifuko minne na majina matano kwenye orodha. Ukiacha la Bibi Daftari, namba za wale wanne zilikuwa zimezimwa jioni hiyo. Watapatikana asubuhi, nikiwa njiani, pale penye mtandao. Niliiacha mifuko imepangwa ukutani, yenye namba upande mmoja na isiyo na namba upande wa pili, nikafunika kalamu.