Mgeni Sawa na Moja

Najim ndiye aliyeitengeneza tovuti ya kampuni ya Balwant Singh, iliyopandisha watalii Mlima Meru, na mwaka huo wa 2003 alijiona kichwa kwelikweli. Chuo hakukikanyaga. PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, alijifundisha mwenyewe kwenye intaneti kafe, na programu zake aliziandika kwa maneno ya nyumbani: jina, tarehe, mgeni. Mtalii aliyeshuka mlimani alipewa namba ya siri. Akiiandika, programu ilijiambia kwamba mgeni ni sawa na moja, na ukurasa wa kutoa maoni juu ya waongozaji ukafunguka.

Kisha wenye seva, ile kompyuta ya kukodi iliyobeba tovuti, wakaleta PHP mpya, na fomu zote zikaanza kurudi tupu. Najim alisoma akajua sababu. Zamani chochote kilichoandikwa kwenye anwani ya ukurasa kiliingia chenyewe kwenye programu. Sasa swichi hiyo, register_globals, ilikuwa imezimwa, maana yeyote angeweza kupenyeza lake. Njia ya haki ilikuwa kuandika upya kurasa arobaini, kila moja iambiwe ipokee nini na kutoka wapi. Bwana mkubwa Najim akaona uvivu. Akawaandikia wenye seva mstari mmoja tu: wamwashie swichi.

Nani angebahatisha neno "mgeni" na kulipenyeza kwenye anwani? Wasomaji wa tovuti ni wazungu, na mzungu hajui hata kwamba yeye ndiye mgeni. Huo ndio ujinga wa mtu mwerevu: alisahau kwamba Arusha nzima inajua Kiswahili.

Mwezi wa saba yakatokea maoni matatu juu ya Lesikar, mwongozaji wa kampuni aliyetoka Oldonyo Sambu, rafiki yake Najim wa kufa na kuzikana. Kwamba alilewa kazini. Kwamba alimwacha mama wa watu peke yake kwenye ukungu. Lesikar, ambaye hata harusini hunywa soda! Balwant alisema wageni hawana sababu ya kumsingizia mtu, akamwachisha kazi siku hiyohiyo.

Najim alipopekua kumbukumbu za seva, zinazoandika kila anayeingia, aliikuta mara tatu: mgeni=1, imebandikwa mwishoni mwa anwani, bila namba yoyote ya siri. Na mtu wa kwanza aliyemwonea huruma hakuwa Lesikar, alikuwa Najim. Alijifungia siku nne, akaandika kurasa zote arobaini juu ya zile za zamani, akaomba swichi izimwe, na zile kumbukumbu akazifuta asije mtu akaziona.

Wiki iliyofuata alimkuta Lesikar kituoni Maji ya Chai, akipakia mikungu ya ndizi kwenye basi. Lesikar hakumlaumu. Alimuuliza tu, kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, wewe ndiye unayeijua ile kompyuta. Haiwezi kukosea?"

Usingizi ulimpaa. Asubuhi akaingia kwa Balwant, akatoa shikamoo, akaungama yote, swichi na uvivu wake. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea kibodi.

"Nionyeshe."

Najim akaandika mgeni=1. Ukurasa ukadai namba ya siri. Akaandika tena, ukadai tena.

"Ilikuwa inafunguka, mzee. Nimeshaiziba."

"Na hao walioingia, alama zao ziko wapi?"

"Nilizifuta."

Balwant hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Najim kuliko matusi. Alimtazama kwa huruma.

"Kumtetea rafiki ni jambo zuri," alisema. "Lakini usiiharibie jina kazi yako nzuri kwa ajili ya mlevi."

Akamkumbusha kwamba picha ya Lesikar bado iko kwenye tovuti, aiondoe kabla ya chakula cha mchana. Najim alirudi mezani kwake, akaiondoa.