Kichaka cha Mpakani

Brightness aliitunza bustani yake kama alivyolelewa Kagera, ambako shamba la migomba haliachwi uchi. Alitandaza majani makavu kwenye shina la kila mgomba, akayaacha magugu yenye maua yajiotee kati ya mawe makubwa ya nyuma ya nyumba, akatega beseni la maji kwa ajili ya vyura. Mwaka wa pili wakaja vipepeo, kisha nyuki, kisha ndege wawili aina ya chozi, dume na jike, wakatundika kiota kwenye kichaka cha maua mekundu kilichoegemea upande wa jirani yake, Mama Okech.

Uwanja wa Mama Okech ulifagiwa kila asubuhi mpaka ukang'aa. Jumatano alimwita Masele, mwenyekiti wa mtaa.

"Jionee mwenyewe, mwenyekiti. Huu ni msitu. Mjukuu wangu anatambaa hapa. Nyoka akitoka humo, nimlilie nani?"

Masele alijikuna kidevu. "Binti, Jumamosi ni siku ya usafi. Tutakuja na mapanga, tufyeke kichaka chote."

Brightness alitaka kusema kwamba kiotani mna makinda wawili ambao hata manyoya hawajaota. Lakini "Sawa, baba," ndiyo maneno pekee yaliyotoka.

Ijumaa jioni alikwenda kuwaaga wale makinda. Ili asimshtue mama yao alizungukia upande wa jirani, akachuchumaa, na hapo ndipo alipoona anachokiona Mama Okech. Majani yake makavu yalikuwa yamevuka mpaka, yakafika hadi kwenye mkeka wa mtoto. Kwao Kagera majani ya shamba hili hukutana na ya shamba lile, wala hakuna anayeuliza. Hapa watu walitaka ardhi tupu, ili kitambaacho kionekane kabla hakijafika mlangoni. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Kulipopambazuka alishika ufagio. Alirudisha majani nyuma hatua tano, akang'oa magugu, akakata matawi yaliyoinama kwa jirani isipokuwa lile lenye kiota. Mama Okech alipotoka alimkuta ameloa jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. He! Leo umeokoka?"

"Nilikosea, mama. Niliuleta msitu mpaka kwako. Sasa hapa hata siafu akipita utamwona." Alionyesha tawi lenye kiota. "Ila naomba kichaka hiki. Siku kumi tu. Njoo uone."

Mama Okech aliinama huku akiguna. Kwenye kitundu cha kiota midomo miwili ilikuwa wazi, na mama yao, akining'inia ukingoni, aliwagawia buibui.

"Kumbe wanakula buibui?"

"Kutwa nzima."

Masele alifika na vijana watatu wenye mapanga. Mama Okech alisimama mbele ya kichaka, ufagio mkononi.

"Hapa pamefagiwa, mwenyekiti. Nendeni kwa Luhaga, kule nyasi zimefika dirishani."

"Si wewe uliyeshtaki?"

"Nilishtaki uchafu. Ndege sikuwashtaki."

Vijana wakacheka, wakashika njia ya kwa Luhaga.

Siku ya tisa makinda waliruka. Mmoja alitua kwenye kamba ya nguo ya Mama Okech, akajikunyata hapo kwa muda mrefu, akitafakari dunia. Mama Okech aliacha kuanika.

"Braiti," aliita kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Kile kichaka hupandwa kwa mbegu au kwa tawi?"