Kilo Bilioni Moja

Jumanne, tarehe tatu Machi, saa nne asubuhi, lifti ya hospitali ilifunga mlango, ikapiga king'ora cha kuzidiwa uzito, ikagoma. Ndani walikuwamo mfagizi wa jengo na mkewe, aliyelala juu ya machela akipelekwa kupasuliwa. Mpaka mlango unabanduliwa kwa mtaimbo, mfagizi alikuwa mgane. Mkurugenzi akamwambia ni kazi ya Mungu. Tangu hapo mfagizi alitaka jambo moja tu: aambiwe ni kazi ya nani hasa.

Leo yumo mle mle. Fundi wa programu, binti wa umri wa kumzaa, alihitaji mzigo wa kujaribia, na mkurugenzi akamnyooshea mfagizi kidole: "Ingia wewe." Mkubwa akisema ingia, utasema nini? Binti akaingia naye na kompyuta yake, mlango ukajifunga. King'ora kikalia. Lifti haikwenda wala haikufunguka.

"Imesoma kilo bilioni moja na ushee," binti alisema, macho kwenye kompyuta.

"Mimi? Hata ningemmeza mkurugenzi na gari lake!"

Binti alicheka, kisha akaona haya. "Baba, mzani wa lifti unatoa namba ya desimali. Ndani ya mashine hiyo ni safu ya biti, sifuri na moja: nyingine zinashika ukubwa, nyingine tarakimu. Aliyeandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C alitakiwa aigeuze thamani iwe namba nzima. Yeye akazichukua biti zilezile, akazisoma kama namba nzima."

"Sema Kiswahili, mwanangu."

"Andika p, a, a. Wewe umekusudia paa, panda juu. Mwenzio anasoma paa la nyumba. Herufi ni zilezile."

"Kumbe lifti iliambiwa ipae, ikajitwika mabati." Hakucheka. "Mbona siku ya kukata utepe, kabla tu ya msiba wangu, ilipanda?"

"Walikuwa na haraka, wakaijaribu tupu. Uzito sifuri, biti zote sifuri. Uisome upendavyo, ni sifuri."

Kuta zikamsogelea. Hapa ndipo vidole vya mkewe vilipolegea ndani ya vyake, na wakubwa hawakupandisha humo hata gunia la mchanga! Akabonyeza kitufe cha simu ya ukutani.

"Mtaimbo unakuja, mzee," mkurugenzi alijibu. "Tulia."

"Nimetulia tangu Machi."

Chuma kikakwaruza mlangoni. Ufa wa mwanga ukaingia. Binti akajipenyeza, akatoka, akamnyooshea mkono. Mfagizi hakusogea. Kidole kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Bosi, nani aliamuru ijaribiwe tupu?"