Mumbua Wawili wa Wodi ya Wanawake

Jonah Muthama alikuwa nesi mkuu wa wodi ya wanawake katika hospitali ndogo ya misheni ng'ambo ya Mwingi, kwenye barabara ya Garissa, na sijaona mtu aliyependa ukuu wake kama yeye. Asubuhi aliomba sala ndefu mbele ya wagonjwa, uji ukiwapolea mikononi, kisha akasukuma kigari cha dawa kama anayeongoza gwaride. Jina la mgonjwa hakuuliza. Kwake, kuuliza kulikuwa aibu.

Mimi niliuliza. Naitwa Waruguru. Nilifika kule kutoka Murang'a nikiwa nesi mchanga, mwaka wa themanini na tatu, na Kikamba changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Kwa hivyo nilisimama penye kila kitanda, nikauliza jina la mgonjwa na la mumewe au babake, ndipo nikafungua chupa. Muthama alinicheka.

"Wewe mgeni ndiye unahitaji kuuliza," aliniambia wagonjwa wakisikia. "Hawa ni watu wangu. Nawajua hata kwa mgongo."

Labda kwa mgongo kweli, maana usoni hakuwatazama.

Mumbua ni jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mvua ya kule ni chache, lakini akina Mumbua hawaishi. Wiki hiyo tulikuwa nao wawili. Mumbua wa Kiilu alikuwa mama mzee mwenye ugonjwa wa sukari, aliyechomwa insulini ya kushusha sukari kila asubuhi kabla ya kula. Mumbua wa Ndolo alikuwa mama wa makamo aliyeletwa na malaria, chakula hakikai tumboni. Yule mzee alilala karibu na dirisha. Upepo ukamsumbua magoti, mwenzake akamhurumia, wakabadilishana vitanda. Wodi nzima ilijua. Muthama alipoingia kazini nilimwambia.

"Nimesikia," akasema, huku akichana nywele mbele ya kioo.

Nilikuwa upande wa pili nikifunga kidonda nilipomsikia Mumbua wa Ndolo akiuliza, "Daktari, sindano hii ni ya nini?"

"Ya kukuponya. Lete mkono."

"Lakini jana nilipewa vidonge."

"Mama, nani alisomea kazi hii, mimi au wewe?"

Akaleta mkono. Angefanya nini?

Haikuchukua muda mrefu. Nilipofika kwake alikuwa amelowa jasho, anatetemeka mwili mzima, anamwita mamake aliyekufa zamani. Muthama akaja, akamtazama kwa mbali, akatangaza kwamba malaria imempanda kichwani na aongezewe kwinini.

Nikamgeukia yule mzee kwenye kitanda kingine. "Mama, umeshachomwa sindano yako leo?"

"Bado, mwanangu. Naingoja, na njaa inaniuma."

"Nipe ufunguo wa kabati," nikamwambia Muthama. "Nataka glukosi ya kuchoma kwenye mshipa. Huyu umempa insulini ya mwenzake."

"Nimempa Mumbua."

"Umempa Mumbua mwingine!"

"Chunga mdomo wako, Waruguru. Mgonjwa wa sukari ni yule wa dirishani. Huyu yuko dirishani."

Mtu anakufa, na yeye anatetea dirisha! Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilimshika koti lake jeupe, nikatoa ufunguo mfukoni kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Nesi mwenzangu, Kalunde, alikuwa tayari amemlaza mgonjwa ubavu asije akapaliwa, anampaka sukari ndani ya shavu. Nikautafuta mshipa, ukanikimbia, nikautafuta tena, nikaupata. Nikasukuma glukosi polepole, jasho langu likimdondokea.

Mumbua wa Ndolo akafumbua macho, akaniuliza kwa nini nimekalia leso yake. Kalunde akaketi sakafuni akalia.

Matroni wetu, Bi Ndululu, alikuja mchana kutaka maelezo. Muthama alikuwa nayo tele. Kosa, alisema, ni la wagonjwa. Wamehama vitanda bila ruhusa. Watu wa kijijini hawajui utaratibu. Alisema hayo mgonjwa mwenyewe akiwa pale, kana kwamba amekwisha kuzikwa.

Mumbua wa Ndolo akajiinua kwenye mto.

"Daktari, kwani ulikuja kutibu kitanda?"

Muthama akaanza kupanga chupa kwenye kigari.

"Kama kitanda ndicho kina sukari, ungelichoma godoro. Mimi nina jina. Kuniuliza jina si kuniomba chumvi."

Wodi ikaangua kicheko. Matroni mwenyewe akajifanya anakohoa. Alipomaliza kukohoa akatoa amri: dawa isitolewe kabla mgonjwa hajajitaja mwenyewe kwa jina lake na la mumewe au babake, nesi aseme ni dawa gani na ya kazi gani, na insulini itazamwe na watu wawili kabla ya kuchomwa. Muthama akanung'unika kwamba hayo ni mambo ya watoto wa shule.

"Basi rudi shule," matroni akamjibu.

Msamaha hakumwomba Mumbua hata siku alipotoka hospitalini. Lakini wagonjwa waliishika ile amri kuliko sisi. Muthama akikaribia na kigari, wanawake walificha mikono chini ya blanketi. Waliokuja wakafundishwa na waliokuwepo, kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Kisha akalazwa Nzilani, shangazi yake Muthama, mama aliyemlea tangu utotoni. Muthama akamletea vidonge akitabasamu. Mama yule akamtazama kuanzia viatu hadi utosi, mdomo ameufunga.

"Kunywa, shangazi."

"Uliza."

"Shangazi, si mimi nakujua?"

"Hata Mumbua ulisema unamjua."

Muthama akageuka kutazama kama tunasikia, kisha akauliza. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, nasi tukaacha kazi zote ili tusikie vizuri.